Siku Tano za Pagume

Jumamosi ile majina yalipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya nyumba mjini Debre Birhan, Yeshi hakungoja mumewe avae viatu. Alijitupia shuka lake la pamba kichwani akatoka mbio kwenye baridi, na baada ya nusu saa akarudi analia na kucheka kwa pamoja, hawezi kutamka neno. Akawa ananyoosha vidole tu: viwili, kisha vinne. Ishirini na nne. Katika nyumba mia moja na ishirini zilizotolewa kwa droo, moja ilikuwa yao. Vyumba viwili, ghorofa ya tatu, choo ndani.

"Choo ndani, Demisew!" alisema sauti ilipomrudia. "Ufunguo wetu wenyewe!"

Asiyewahi kupanga kwa Mama Tsige hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Mama Tsige alikuwa na vyumba vinne vya udongo nyuma ya nyumba yake, choo kimoja na kufuli moja, na ufunguo alilala nao kiunoni. Tumbo likikukata lazima ukamgongee, naye atakuuliza kwanza umekula nini, na kama jana hukuja mara tatu. Mgeni akilala kwako siku moja, maji yanapanda bei. Na tangu Timkat, sikukuu ya ubatizo, alikwishawatangazia wapangaji wake kwamba Pasaka ikipita anavunja vyumba vyote ajenge nyumba ya wageni, na asiye na pa kwenda asimtolee macho yeye, amtolee Mungu.

Wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa Etete Aselefech, jirani wa chumba cha pili, mjane wa miaka sitini na kitu aliyeishi kwa kupika mikate ya injera na kuwauzia wafanyakazi wa serikali. Alimkumbatia Yeshi, akambusu mashavu mara nne, akambeba Meaza, mtoto wao wa miaka tisa, kana kwamba bado ananyonya. Kisha akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akangoja furaha za watu zipoe. Alikuwa mtu wa kungoja.

"Demisew, mwanangu," alisema. "Jina langu sikuliona."

"Nyumba ni chache, Etete. Mia na ishirini tu."

"Sisemi sikushinda. Kushinda ni bahati. Nasema simo." Alitoa kifuko cha plastiki kifuani. "Kuna karatasi fupi ya walioshinda, na kuna ile ndefu ya wote walioingizwa kwenye droo. Hiyo ndefu nimeisoma mara mbili, kwa kidole, tangu mwanzo hadi mwisho. Mlinzi akanicheka. Wamo kina Aselefech watatu, wala hakuna hata mmoja aliye mimi."

Ndani ya plastiki mlikuwa na stakabadhi ya kujiandikisha, imekunjwa mara nne, mikunjo imegeuka rangi. Jina lake, la baba yake, la babu yake, na tarehe kwa mkono: 3 Pagume 2002. Mwaka wa nane huo anaitunza.

"Pengine jina limeandikwa vibaya," alisema Demisew. "Hutokea kila siku. Jumatatu nitakutazamia."

"Nitazamie, mwanangu. Siku ile nililowa mpaka mifupa."

Demisew akatabasamu, kwa kuwa alikuwa na hakika. Programu ya kompyuta iliyoendesha droo ile aliitengeneza yeye.

*

Hakuwa msomi wa kompyuta. Aliajiriwa ofisi ya nyumba kuwa karani wa takwimu, akajifunza usiku na mchana kwenye kitabu kikuukuu kilichoachwa na mzungu mmoja wa mradi wa maji, na baada ya miaka miwili ofisi nzima ikawa inamwimbia jina lake. Demisew, fomu imegoma. Demisew, rekodi niliyoandika asubuhi imepotea. Demisew, mtu huyu ametokea mara tatu na mara zote tatu anadai likizo. Naye alikuwa na daftari gumu ambamo upande wa kushoto aliandika Tatizo, upande wa kulia Dawa, na hakuna ukurasa uliokuwa na upande wa kulia mtupu. Mshahara wake ulibaki wa karani. Lakini wakubwa walimwita "injinia" mbele ya wageni, na hilo lilimtosha kuliko ilivyopasa.

Jumatatu aliwasha kompyuta, akafungua fomu ya waombaji wa nyumba, akaandika jina la Etete Aselefech. Lilikuja mara moja, zuri, halina kosa hata la herufi. Baba yake yumo, babu yake yumo, nambari ya kitambulisho imo. Kisanduku kimoja tu kilikuwa kitupu, cha tarehe ya kujiandikisha.

Akakitazama kile kisanduku. Kisha akaandika swali jingine kwa kompyuta: nipe wote wasio na tarehe. Alitarajia watu watatu, wanne.

Mia mbili na kumi na nne.

Alielewa kabla hajataka kuelewa. Sheria ya droo ilisema waingizwe wale wa zamani, waliojiandikisha kabla ya Mwaka Mpya, tarehe mosi Meskerem 2003, na yeye ndiye aliyeigeuza sheria ile kuwa swali la mstari mmoja: nipe kila mtu ambaye tarehe yake ni kabla ya siku hiyo. Sasa kisanduku kitupu si kabla wala si baada. Ukikiuliza hakisemi ndiyo, hakisemi hapana, kinakaa kimya, na mashine haimwiti aliyekaa kimya. Mtu anatoka kwenye orodha bila kufutwa, bila onyo. Kosa hili lilikuwamo katika daftari lake, ukurasa wa nne, na dawa yake pembeni.

Lakini kwa nini tupu? Alifungua orodha ya miezi kwenye fomu, ile unayoibofya na kuchagua. Meskerem, Tikimt, Hidar, akashuka mpaka Nehase. Kumi na miwili. Akashuka tena kidogo, kama mtu anayepapasa ngazi gizani, lakini hapakuwa na mwezi mwingine chini yake.

Fomu ile hakuitengeneza upya. Aliichukua fomu ya mishahara, aliyokwisha kuisuka vizuri, akabadilisha vichwa vya habari. Na fomu ya mishahara ina miezi kumi na miwili kwa sababu nchi nzima hakuna anayelipwa Pagume. Ni mwezi wa kumi na tatu, siku tano tu za kufunga mwaka. Mshahara hauzijui, na hata Mama Tsige, pamoja na ubaya wake wote, hadai kodi ya siku hizo. Tangu aanze kazi Demisew alikuwa akiishi siku hizo kama watu wa mshahara wanavyoziishi, anakopa chumvi na kungoja Mwaka Mpya. Hakuzisahau. Hakuwahi tu kuzihesabu.

Na tangazo la mwaka ule lilisema mwisho wa kujiandikisha ni mwisho wa mwaka. Basi watu, kama kawaida yao, walikuja mwisho wa mwaka.

"Fantaye," alimwita mpiga chapa wa meza ya pili. "Unakumbuka Pagume ile ya kuandikisha?"

Fantaye alikuwa anatafuna shayiri ya kukaanga kutoka kiganjani, hakuacha. "Nitaisahauje? Foleni mpaka barabarani. Mvua ya sikukuu ya Mtakatifu Rufaeli, watu wameloa kama kondoo, sakafu yote tope."

"Tarehe zao ziko wapi?"

"Ziko wapi, unaniuliza mimi? Nilikuita. Nikakwambia, kaka, mwezi wa kumi na tatu haumo. Ulikuwa unakula. Ukanijibu, acha wazi, tutajaza baadaye."

"Mimi?"

"Hapana, babu yangu. Wewe, Demisew. Acha wazi, tutajaza baadaye. Nikaacha wazi." Akapangusa kiganja kwenye sketi. "Kwani hamkujaza?"

*

Jioni alikula mchuzi wa shiro bila kuuonja. Ilikuwa Kwaresima, na Yeshi alikuwa kwenye ndoto yake. Alikwisha kupanga kabati litakaa wapi, kitanda cha Meaza wapi, akisema dirisha la jikoni lazima liwe na pazia la manjano. Demisew alimwachia mpaka akafika kwenye pazia. Kisha akamweleza yote, polepole, kama anavyowaeleza wakubwa wa ofisi, kwa maneno ambayo mtu asiyejua kompyuta hawezi kuyakwepa.

Yeshi akaweka chini tonge.

"Umemwambia nani?"

"Fantaye anajua. Kesho namwambia mkuu."

"Umwambie nini?"

"Kwamba watu mia mbili na kumi na nne hawakuingizwa. Droo irudiwe."

"Ikirudiwa, sisi tutashinda tena?"

Demisew alimega tonge jingine.

"Nimekuuliza. Wewe ndiye mwenye hesabu. Tutashinda tena?"

"Huenda."

"Huenda! Watu karibu elfu mbili, nyumba mia na ishirini, unaniambia huenda. Mimi si mgeni wako, Demisew, mimi mkeo." Akapunguza sauti kwa sababu ukuta ulikuwa wa udongo. "Unajua mwanao hanywi maji jioni? Unajua kwa nini? Ili usiku asiombe ufunguo. Mara ya mwisho yule mwanamke alimwambia, wewe mtoto una kibofu au una bomba? Mbele ya watu. Miaka tisa, Demisew, anajinyima maji kama mfungwa. Sasa Mungu ametupa ufunguo, wewe unataka kuurudisha dukani."

"Si Mungu aliyetupa. Ni swali langu lililoandikwa vibaya."

"Hata Mungu anaweza kutumia swali lako."

"Na Etete Aselefech?"

Yeshi alijitia kukusanya makombo kwenye sinia. Naam, alimpenda Etete. Alipojifungua Meaza ni Etete aliyemkanda kwa maji ya moto siku arobaini, bila senti. Na hilo ndilo lililomkasirisha, kwamba angeachwa mtu mwingine yeyote, yeye Yeshi asingekosa usingizi.

"Etete hana mtoto wa kuombea ufunguo," alisema mwishowe, na papo hapo akaona aibu ya alichosema, machozi yakamtoka. "Usinitazame hivyo. Sikusema usiseme. Kamwambie mkuu wako, kaseme, kaurudishe huo ufunguo. Lakini usiniombe mimi nikusifu."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Etete mwenyewe, na injera tatu za moto kwenye kifuniko cha ukindu.

"Nimewaletea za leo," alisema. "Unga mzuri wa teff. Demisew, uliangalia?"

"Naangalia bado, Etete. Kuna kitu kidogo."

"Angalia taratibu. Mambo ya mashine hayataki haraka." Akampa Yeshi kifuniko, naye Yeshi akakipokea kwa mikono miwili, uso chini.

*

Mkuu wa ofisi, Bwana Negede, alikuwa mtu mpole, na wapole wa namna yake ndio wabaya. Hakupiga meza. Alimwagizia Demisew chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ya mtu mwenye akili.

"Umesema orodha ya miezi. Hilo unaweza kulirekebisha?"

"Nimekwisha kulirekebisha leo asubuhi. Fomu sasa inakubali mwezi wa kumi na tatu. Na swali la droo nimelirekebisha, lisiwaache wenye kisanduku kitupu. Ni kazi ya dakika kumi, mkuu. Dakika kumi."

"Vizuri sana. Injinia wetu." Negede akakoroga chai. "Wangapi wanajua?"

"Mimi na Fantaye."

"Fantaye mkataba wake unaisha mwezi ujao. Sawa." Akanywa kidogo. "Mkeo ameshinda, sivyo? Nambari ishirini na nne."

Demisew hakuwa amelifikiria hilo. Mpaka dakika ile alijiona mtu anayeingia na msalaba wake mkononi.

"Ndiyo, mkuu."

"Hongera. Sasa tufikirie pamoja, kama ndugu. Nabandika tangazo: droo imefutwa. Washindi mia na ishirini wanakuja hapa na wake zao na mawe. Halmashauri inaunda tume. Tume inauliza, nani alitengeneza programu? Demisew. Nani alisema tarehe ziachwe wazi? Demisew. Watu mia mbili na kumi na nne walitolewa kwenye droo, na nani alishinda? Mke wa Demisew." Akaweka kikombe. "Wewe utawaambia kisanduku kitupu si kabla wala si baada. Mimi nimekuelewa, maana nakujua. Hakimu atakuelewa?"

"Lakini sikufanya kwa makusudi! Wewe mwenyewe unajua droo inachagua yenyewe."

"Najua. Mimi najua."

Chai ya Demisew ilikuwa imepoa. Alijaribu tena. "Basi tuwaandike tarehe yao ya kweli, Pagume. Hata kama droo hii imepita, ijayo wawe wa mbele."

"Ukiandika Pagume, siku moja mtu atauliza, hawa wa Pagume mbona hawakuwamo?" Negede alisema kwa huruma, kama daktari. "Andika tarehe ya leo."

"Ya leo?"

"Wamehuishwa leo. Hatumtoi mtu. Mtu aliyekuwa hayumo, sasa yumo. Wape vyeti vipya, vizuri, vyenye muhuri, na stakabadhi za zamani zirudi kwetu. Umefanya kazi njema, Demisew. Usiiharibu."

"Mkuu, watakuwa wa mwisho kwenye foleni. Wamengoja mwaka wa nane."

"Wamezoea," alisema Negede.

Hapa ndipo mtu angependa kusikia kwamba Demisew alisimama akaondoka. Alisimama, ni kweli. Aliwaza kwenda halmashauri, akawaza tume, akajiona yuko gerezani na Yeshi amebeba chakula kwenye mkebe, na Meaza anaambiwa shuleni kwamba babake ni mwizi wa nyumba. Aliwaza pia, na hili hakumwambia mtu maisha yake yote, juu ya choo cha ndani. Kisha akarudi mezani kwake, mkuu nyuma yake na kikombe mkononi.

Ilikuwa mstari mmoja tu: pale ambapo tarehe ni tupu, weka ya leo. Kompyuta ikamuuliza, maana mashine zina adabu: Rekodi 214 zitabadilishwa. Hutaweza kuzirudisha zilivyokuwa. Uendelee?

"Inauliza nini?" alisema Negede.

"Kama nina hakika."

"Ijibu."

Akabofya. Haikuchukua hata muda wa kupepesa jicho. Watu waliosimama siku tano kwenye mvua wakawa wamekuja asubuhi ile.

*

Alhamisi waliitwa. Si wote waliokuja. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamehama, wawili walikuja watoto wao na barua. Waliobaki walijaza korido, stakabadhi mkononi, na walikuwa na furaha. Hilo Demisew hakulitarajia. Walikuwa wameona majina yao hayapo, wakajua wamesahauliwa, na sasa serikali yenyewe imewaita kwa barua. Mzee mmoja alibusu cheti chake juu ya muhuri. Mwanamke mmoja alimwombea Demisew kwa Bikira Maria, yeye na uzao wake.

Fantaye alizipokea stakabadhi za zamani na kuzitupia kwenye boksi la sabuni chini ya meza. Hakutafuna kitu siku hiyo. Kila mtu akiondoka, alimtazama Demisew kwa pembe ya jicho, halafu akaita, "Anayefuata."

Karibu na saa sita alifuata Etete Aselefech. Alikuwa amevaa shuka lake la kanisani.

"Nimeambiwa umenipata," alisema.

"Nimekupata, Etete. Haya, cheti chako."

Wengine walikichukua wakaenda. Etete alikiweka juu ya meza, akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Kusoma alijifunzia ukubwani, shule ya jioni, na alisoma kama mtu anayevuka mto, jiwe kwa jiwe. Jina. Baba. Babu. Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Kidole kikafika kwenye tarehe, kikasimama.

"Hii ni tarehe ya juzi Jumanne."

"Ni ya kuhuishwa, Etete."

"Imeandikwa kujiandikisha. Tarehe ya kujiandikisha. Si ndivyo?" Alisoma tena. "Juzi Jumanne mimi sikuja hapa. Juzi nilipika, wewe mwenyewe ulinunua mbili."

"Ni fomu, Etete. Fomu ndivyo ilivyo."

"Mimi nilikuja siku ya Rufaeli. Hapa hapa. Maji yananichuruzika, wewe ukasema mpeni mama huyu kiti. Nikakaa kiti kile pale." Hakupandisha sauti; alikuwa kama anamsaidia kukumbuka. "Sasa nikitumia cheti hiki, niko mbele ya nani?"

Fantaye alijifanya kutafuta kitu kwenye boksi. Demisew aliangalia kibodi.

"Kuna mfumo, Etete. Si mimi. Mfumo unapanga."

"Mfumo," alisema Etete, kama anayejifunza jina la mtu. Alimtazama kwa muda. Hata baadaye Demisew hakuweza kusema yale macho yalikuwa na nini. Angekuwa amekasirika ingekuwa nafuu. "Mama, tusaidie, jua linaenda!" mtu akapiga kelele mlangoni.

"Ya zamani nitoe?"

"Ndiyo. Ndiyo utaratibu."

Aliitoa kwenye plastiki, akaikunjua, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza mpaka ikalala, ndipo akampa Fantaye. Ile plastiki akairudisha kifuani, na cheti kipya akakishika mkononi tu.

"Nitie sahihi wapi?"

Demisew akamwonyesha. Akaandika jina lake zima, la baba na la babu, herufi moja moja, na hakuharakisha kwa ajili ya mtu yeyote.

*

Walihama wiki ya pili baada ya Pasaka. Nyumba ilikuwa inanuka saruji, ngazi hazina ukuta wa kushikilia, na maji ya bomba yalikuja siku ya Jumanne na Ijumaa tu. Lakini mlango wa choo ulikuwa wa kwao, na Meaza alikwenda mara sita siku ya kwanza, bila haja, kuufungua na kuufunga.

Jumapili wakaita watu kubariki nyumba. Yeshi alitandaza majani mabichi sakafuni, akakaanga kahawa, akatundika pazia la manjano. Bwana Negede alituma kreti ya soda. Mama Tsige alikuja pia, akazunguka vyumba vyote mikono nyuma, akasema kuta ni nyembamba, akala sahani mbili.

Etete Aselefech alikuja wa mwisho, amepanda ghorofa tatu na mkate mkubwa wa mviringo mgongoni, umefungwa kwenye majani ya migomba na kitambaa. Hakuna aliyemtarajia. Yeshi alipomwona mlangoni alisahau kumpokea mzigo.

"Mnanitazama nini? Nyumba mpya haiingiwi mikono mitupu," alisema. Akabusu mashavu ya watu wote, na ya Demisew pia, mara nne kama siku zote.

Alipata chumba njia ya kwenda Ankober, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Umeme haujafika, kwa hiyo sinia lake la umeme la kupikia injera aliliuza. Sasa anachambua dengu kwa watu. Aliyasema hayo alipoulizwa, kwa ufupi, akaomba sukari.

Mkate ukawekwa katikati, Demisew akapewa kisu, maana mwenye nyumba ndiye anayekata. Meaza alikuwa amejibana ubavuni mwa Etete, amekumbatia mkono wake.

"Etete," alisema, na watoto hawajui kunong'ona, "na nyumba yako wewe itakuwa ghorofa hii hii? Tuwe tunaona dirisha lako?"

Yeshi aliinamia vikombe.

"Haiwezi kuwa sasa, mwanangu," alisema Etete Aselefech, akimpapasa nywele. "Mimi nimejiandikisha juzi tu. Kuna watu wametangulia." Kisha akainua uso kwa Demisew, aliyekuwa bado ameshika kisu juu ya mkate. "Kata basi, baba. Watu wanangoja."